Njooni Mumwone Kesho

Mtaa mzima unamwita Mama Pasi, na wala hachukii. Ukitaka kumjua, simama dirishani kwake asubuhi, lile dirisha lililotanuliwa likawa mlango wa biashara. Utamkuta amesimama nyuma ya meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi ya mkaa mkononi, kikombe cha maji pembeni, ananyunyizia kwa vidole na kupiga. Mama yake naye alikuwa dobi, kwa hiyo kazi hii aliianza tangu kidevu chake kinalingana na meza. Mashati ya maofisa, sare za wauguzi, mashuka ya nyumba ya wageni, yote yanapita kwake. Kola ikitoka kwa Mama Pasi inasimama yenyewe. Na mdomo anao. Mteja akimletea suruali yenye misumari mfukoni atapewa vidonge vyake palepale mbele ya wenzake, na wiki inayofuata atarudi, kwa sababu hajampata mwingine anayepiga kola namna ile.

Hapa nakusimulia jinsi alivyogombania kiti kimoja cha shule. Kiti chenyewe cha mbao, mguu mmoja umelegea, kiko karibu na dirisha katika darasa la binti yake. Binti ni kitindamimba, ndiyo maana anaitwa Kitinda, wakubwa zake wameshaoa na kuolewa, baba yao alishafariki zamani, wamebaki wawili tu katika nyumba ya vyumba viwili. Ana miaka kumi na mitano. Shule ilitaka kumnyang'anya kile kiti kwa kosa la kuumwa kwa namna isiyowaridhisha wakubwa.

Ilianza na homa. Homa ya kawaida, ilizunguka darasa zima. Wenzake walitetemeka siku chache, wakanywa dawa, wakarudi kurukaruka. Kitinda naye homa ilimtoka, ila nguvu hazikurudi. Akifua soksi zake analala mchana kutwa. Akipanda ngazi za shule miguu inakuwa ya mtu mwingine. Akisoma kurasa mbili herufi zinaanza kuogelea na kichwa kinamgonga, na hata akilala usiku kucha anaamka amechoka kuliko alivyolala. Wala usifikirie uchovu wa mimi na wewe, ule wa kutwa kazini, ukaoga, ukala, ukalala, ukaisha. Huu haulaliki.

Sasa subiri uwasikie walimwengu. Hospitali ya kwanza walimtoa damu, wakampiga picha ya kifua, kisha daktari akasema vipimo viko safi. Safi! Mama Pasi kazi yake ni usafi, anaujua. Alimtazama mwanawe aliyeegemea ukuta wa korido kwa kukosa nguvu za kukaa wima, akajiuliza usafi gani huu. Yule daktari, bila hata kumgeukia mtoto, akamuuliza mama kama binti hana mchumba aliyemwacha. Eti mchumba. Mama Pasi alimshika mwanawe mkono, wakatoka.

Kaka yake, fundi ujenzi, alikuja akatoa hukumu hata kabla hajavua viatu. Dada, alisema, mtoto huyu umemdekeza, nipe mimi mwezi mmoja abebe ndoo za zege uone kama hatapona. Akamwambia mpwa wake ajikaze kisabuni. Mtoto alijikaza. Alifua rundo zima la nguo ili kumfurahisha mjomba wake, na mjomba akaondoka anajipiga kifua, keshaponya mtu. Kesho yake yule mtoto hakuweza kunyanyua kichwa, wala kesho kutwa. Lakini mjomba angeyaonea wapi hayo? Alikuwa kwake, anahadithia watu alivyomponya.

Shuleni ndiko usiseme. Mwalimu wa michezo alimzungusha uwanja ili kumtoa uvivu, akaanguka, ikasemwa amejiangusha. Wenzake wakampa jina, Malkia wa Godoro. Hata Mama Pasi mwenyewe, tusimfichie, siku za mwanzo alikuwa akimvuta shuka asubuhi na kumkaripia. Ila yeye alilala naye chumba kimoja. Aliona jinsi mtoto alivyokuwa akilia kimya kimya kwa kushindwa kufunga vifungo vyake, na mtu mvivu halii kwa kukosa kufanya kazi.

Walizunguka, wakazunguka, mpaka wakampata daktari mmoja mama wa makamo, aliyefanya kitu ambacho wote waliotangulia hawakukifanya. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama binti mwenyewe, akamuuliza, "Siku ukijisikia vizuri ukafanya kazi zako, kesho yake inakuwaje?"

Kitinda akamtumbulia macho. Kisha akaanza kueleza, na maneno yakamtoka ambayo hata mama yake alikuwa hajayasikia. Daktari akasikiliza mpaka mwisho. Akawaambia hali hiyo ina jina, inaitwa uchovu sugu, mara nyingine hufuata homa, na haina kidonge kimoja cha kuimaliza. Akasema kuna mshauri wa saikolojia hospitali kubwa, anawapokea vijana wa umri huu, atawasaidia.

Hapo ndipo damu ilipompanda Mama Pasi. Saikolojia! Kumbe na huyu naye ni walewale, tofauti yake amekaa kitini. Alisema wazi, mwanangu si kichaa. Daktari hakukasirika. Alimuuliza, "Mtu aliyevunjika mguu akifundishwa kutembea na gongo, ina maana mguu haukuvunjika?" Mama Pasi alinuna mpaka nyumbani.

Chumba cha mshauri kilikuwa mwisho wa korido, ukishapita stoo ya magodoro, dirisha linatazamana na tangi la maji. Viti vitatu, hakuna kinachofanana na mwenzake. Mshauri mwenyewe msichana mdogo tu, mwenye blauzi iliyokunjamana na kola ambayo haijaona pasi siku nyingi. Mama Pasi alimhukumu kwa ile kola kabla hajafungua mdomo. Alikaa ukingoni mwa kiti, mkoba magotini, amejiandaa kwa vita.

Vita haikutokea. Yule msichana alimwambia Kitinda, "Sikukuita hapa nikwambie kwamba unajifanya. Mwili wako umechoka kweli. Tutatafuta namna ya kuishi nao vizuri, kidogo kidogo, mimi na wewe na mama." Basi. Maneno mepesi kama hayo, mtu yeyote angeweza kuyasema, mwaka mzima hakuna aliyeyasema. Kitinda alilia mpaka kwikwi ikamshika. Mama Pasi naye akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Kisha Kitinda akaulizwa anataka nini. Si mama anataka nini, si shule inataka nini. Yeye. Akajibu bila kufikiri, "Nataka kiti changu cha dirishani."

Wakaanzia hapo. Mama Pasi alidhani watakaa wanahojiana ndoto na mambo ya utotoni, kumbe walizungumza mambo ya jikoni na uani. Mshauri alitaka kujua siku inakwendaje, saa ya kuamka, saa ya kulala, siku nzuri anafanya nini na siku mbaya anafanya nini. Na siku nzuri ndizo alizozitilia shaka. Maana siku nzuri katika nyumba ile ilikuwa sherehe. Kitinda akiamka na uso mkunjufu, Mama Pasi alipiga vigelegele moyoni, haya mama, njoo tufue mapazia, nenda kamsalimie shangazi, malizia na yale masomo yaliyolala. Mtoto naye, kwa uchu wa kuwa mtu kama watu, alivamia yote kwa pamoja. Baadaye alianguka, na kila akianguka alianguka chini zaidi.

Mshauri akawafundisha kazi ngumu kuliko kujikaza, nayo ni kujizuia. Fanya kidogo, kidogo kilekile, siku nzuri na siku mbaya. Pumzika kabla hujachoka, usingoje kuchoka. Amka saa ileile kila siku, hata kama ukiamka utakaa tu. Kikizoeleka, ongeza kidogo. Mwili ukikataa, rudi nyuma bila kujilaumu. Hakuahidi kuponya, na alilisema hilo waziwazi, jambo lililomshangaza Mama Pasi aliyezoea kuahidiwa.

Kulikuwa na lile la kichwani pia. Kitinda kila akilala mchana alijiambia mimi mzembe, moyo unamwenda mbio, hata kupumzika kwenyewe kukawa kazi. Mshauri akamuuliza hiyo sauti inayosema mzembe ni ya nani. Akafikiri sana. Akasema ya mjomba, na ya mwalimu wa michezo. Halafu akasema siku hizi ni yake mwenyewe. Mama Pasi aliyasikia hayo akiwa pale kitini, na hasira aliyokuwa nayo kwa mshauri ikahama yote, ikaenda kwa watu waliomtia mtoto maneno kama hayo kichwani na kumwachia ayabebe.

Miezi ikapita. Taratibu mno, taratibu ya kukera, lakini ikaenda. Kitinda akaweza kukaa mezani na kukunja soksi za wateja. Akaweza kutembea mpaka duka la kona na kurudi. Akasoma sura moja asubuhi bila herufi kuogelea. Mjomba alipokuja na habari zake za zege, mpwa wake alimjibu kwa heshima zote kwamba samahani mjomba, leo nimeshafanya sehemu yangu. Mjomba akageuka kumtazama dada yake, na dada yake akaendelea kupiga pasi.

Ndipo mshauri akaiandikia shule kwamba binti yuko tayari kurudi, aanze asubuhi tu mpaka wakati wa mapumziko, asishiriki michezo kwanza, na muda uongezwe pole pole. Jambo dogo tu. Ungedhani ameomba wabomoe shule. Mwalimu mkuu alijibu kwamba shule si soko, mtu haingii na kutoka atakavyo. Aje mtoto na mzazi mbele ya kikao, waonwe. Mshauri alipoomba naye aende, akaambiwa kikao ni cha walimu na wazazi, wageni hawahusiki.

Huyo mwalimu mkuu, ili umjue, ni mteja wa Mama Pasi. Mashati yake yote meupe yanapita juu ya lile blanketi. Mtu mrefu, mtanashati, anapenda kusema mtoto ni wa kunyooshwa. Akija kuchukua mashati huyageuza kola na kusema, "Unaona, Mama Pasi? Kunyoosha tu." Mama Pasi alikuwa akicheka zamani.

Siku za kabla ya kikao mshauri alimwomba kitu kimoja tu, na alikirudia. Mpeleke kama alivyo. Asilazwe kitandani siku kadhaa ili akusanye nguvu za kikao, aendelee na ratiba yake ya kawaida, avae atakachoweza kukivaa, wamwone alivyo. Mama Pasi akaitikia, ndiyo, nimeelewa. Na alielewa kweli.

Lakini we fikiria. Mwanamke ambaye maisha yake yote hajamruhusu hata mtu baki atoke dirishani kwake na mkunjo. Leo ampeleke wa tumboni mwake mbele ya wakubwa amepauka, nywele hazijasukwa, sare imelegea? Waseme Mama Pasi anawapendezesha watu na kwake kunanuka? Haikuwezekana. Mikono yake haikukubali. Alimlaza mtoto siku zote zile, hakumruhusu hata kunyanyua kijiko. Alimsuka nywele mstari kwa mstari. Sare aliifua akaitia wanga, akaipiga pasi mpaka marinda ya sketi yakasimama yenyewe. Akampaka mafuta usoni. Asubuhi ya kikao Kitinda alitoka nje, na majirani wakasimama kumtazama alivyopendeza.

Ofisi ya mwalimu mkuu ina vikombe vya mashindano juu ya kabati, maua ya plastiki mezani na feni inayolia. Walikuwepo mwalimu mkuu mwenyewe, mwalimu wa darasa, na mzee mmoja wa kamati ya wazazi aliyekuwa akisinzia. Kitinda alisalimia kwa adabu. Alisimama wima. Akaulizwa maswali akajibu vizuri, tena kwa tabasamu, kwa kuwa alikuwa amewakumbuka walimu wake na amefurahi kufika. Mwalimu wa darasa akampa kitabu asome ukurasa mmoja kwa sauti. Akausoma wote, sauti inafika mpaka koridoni.

Mwalimu mkuu akaegemea kiti. Akasema, huyu ndiye mgonjwa? Mbona ana afya kunishinda mimi? Wakacheka, hata mzee wa kamati akazinduka akacheka. Mwalimu wa darasa akaongeza kwamba binti huyu akili anazo, tatizo anajua kuichezea akili ya mzazi wake. Uamuzi ukatoka bila hata kunong'onezana. Jumatatu arudi, siku nzima, michezo na kila kitu, la sivyo kiti kipewe mwingine, kuna watoto wanaokililia.

Kitinda alikuwa bado amesimama. Mama yake peke yake ndiye aliyeona magoti yanavyotetemeka chini ya ile sketi yenye wanga.

Mama Pasi alikuwa amekuja na maneno mengi. Aliweza kusema moja. "Walimu, njooni mumwone kesho."

Wakatazamana. Mwalimu mkuu akasema kwa upole kwamba kesho wana kazi, mama, na akawafungulia mlango.

Njiani Kitinda alikaa chini mara tatu, ya mwisho kwenye ngazi za duka la watu. Alipofika kitandani hakuvua hata viatu. Na kesho yake ikaja, ile ambayo hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuiona. Mwanga ulimuumiza macho, ikabidi pazia lifungwe. Sauti ya mlango ilimuumiza. Hakuweza kushika kikombe, mama yake akamnywesha maji kwa kijiko, na katikati ya kijiko na kijiko alikuwa anapumzika. Nywele bado zimesukwa vizuri, hiyo ndiyo iliyomkata maini mama mtu. Alizitazama zile nywele akajua nani amefanya nini. Angemleta mtoto wake alivyo, wangemwona. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake hii, alimpiga pasi mpaka ugonjwa ukapotea machoni pa watu. Alijilaumu, na hasira nayo haikupungua. Maana hata kama mtoto amependeza, kwani mgonjwa amekatazwa kupendeza? Barua ya mshauri walikuwa nayo mezani. Kuisoma walisoma, kuamini wakaamini marinda.

Mchana mtu akapiga hodi dirishani. Mwalimu mkuu, amefuata mashati yake, kuna hafla jioni. Hakukuta mtu mezani. Pasi imepoa, majivu hayajatolewa, nguo za wateja zimelundikana. Akaita. Mama Pasi akatoka amejifunga khanga kiunoni, macho mekundu, kijiko bado mkononi.

Mwalimu akauliza mashati yako wapi. Akaambiwa yako chumba cha ndani, kwenye kapu, ingia uchukue. Akasita, si kawaida mteja kuingia ndani. Mama Pasi akamshikia pazia la mlango mpaka akaingia.

Kwanza hakuona kitu, kiza. Kisha akaliona kapu miguuni mwa kitanda, na juu ya kitanda akamwona yule msichana wa jana, ambaye hakuwa yule wa jana. Midomo imekauka, uso hauna rangi, mkono mmoja unaning'inia pembeni kwa sababu kuurudisha juu ni kazi. Soksi za shule bado ziko miguuni. Mwalimu mkuu alisimama na kofia yake mkononi. Sauti yake ilitoka ya chini.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu alipowasomea ule ukurasa," Mama Pasi alisema.

Yule bwana akalitazama kapu. Akatafuta la kusema, na alilolipata ni lile ambalo watu wa namna yake hulipata siku zote. Akauliza kwa nini jana hawakumleta hivi.

Mama Pasi akafungua mdomo, lakini aliyejibu ni Kitinda, macho yamefumba, neno moja moja. "Mngeniona hivi, mwalimu, mngesema naigiza."

Mwalimu mkuu alijua ni kweli. Ni yeye aliyesema amejiangusha, ile siku ya uwanjani. Akiwa mzima, anadanganya kwa sababu ni mzima. Akiwa hoi, anadanganya kwa sababu yuko hoi. Mlango gani waliomwachia huyu mtoto apitie?

Waliporudi mbele, mwalimu mkuu alianza kusema kwamba atalipeleka suala hili kwenye kikao kijacho, kuna utaratibu. Hapo Mama Pasi akamtolea uvivu. Hakupaza sauti, maana mtoto alikuwa amelala. "Jana hamkuhitaji utaratibu kumtoa. Mlicheka tu akatoka. Leo utaratibu wa nini kumrudisha? Miezi yote hii amejenga kijiko kwa kijiko, mmemwangusha kwa ukurasa mmoja. Nilikwambia uje umwone kesho. Ndiyo hii. Umemwona. Sema."

Akasema. Kiti kitamngoja mpaka atakapoweza. Aje asubuhi mpaka mapumziko, michezo hapana, na huyo mshauri aje kuzungumza na walimu wote. Alisema anatazama chini, na Mama Pasi akamrudisha nyuma amtamkie tena akiwa anamtazama yeye.

Kisha mwalimu mkuu akakumbuka kapu alilotoka nalo chumbani. Akafunua, mashati yote yamefuliwa na kukauka, yamekunjamana kama yalivyotoka kambani. Akamtazama Mama Pasi.

"Hayajapigwa," Mama Pasi alisema. "Nilikuwa namnywesha mtu maji."

Aliyachukua hivyohivyo, akaenda zake.

Mama Pasi alikwenda kwa mshauri kujishitaki, amejiandaa kusemwa. Hakusemwa. Aliulizwa tu alikuwa anaogopa nini siku ile, akajibu kwamba aliogopa wangesema hajui kumtunza mwanawe. Mshauri akaitikia kwa kichwa, akasema wazazi wengi wanaopita pale wanaogopa hilohilo. Halafu wakaanza upya, kutoka chini kabisa, soksi moja, hatua za uani, nusu ukurasa. Ilichukua majuma na majuma kurudi pale walipokuwa kabla ya kile kicheko cha ofisini, na wale waliocheka hakuna hata mmoja aliyekatwa hata siku moja ya maisha yake.

Asubuhi ya kurudi shule ilipofika, sare ilikuwa inaning'inia msumarini, imefuliwa, haijapigwa pasi. Mama Pasi alikuwa ameshachochea mkaa. Kitinda akamwambia aiache. Ratiba yake anaipanga mwenyewe siku hizi, na kuvaa sare iliyonyooshwa ni kukaa siku nzima anaogopa kuikunja, hiyo nayo ni kazi. "Nguvu hizo nimeziweka za hesabu, mama," alisema.

Mikono ya Mama Pasi iliwasha. Pasi iko tayari, nyekundu ndani, ni kitambo kidogo tu. Akaiweka chini. "Nenda hivyohivyo," alimwambia. "Nilipokunyoosha hawakukuona."

Akamsindikiza, wakipumzika njiani kabla ya kuchoka. Mtaa ulitazama. Mtoto wa dobi na mikunjo ile! Kuna aliyecheka, Mama Pasi akajitia hamnazo. Langoni mwalimu wa zamu alimsimamisha Kitinda, akamtazama kuanzia kola mpaka pindo, akauliza hii ndiyo sare ya kuja nayo shule. Mama Pasi akavuta pumzi ya kumpa mtu vidonge vyake.

Hakuwahi. Nyuma ya yule mwalimu sauti ilisema, "Mwache apite." Alikuwa mwalimu mkuu, amesimama katikati ya njia mbele ya shule nzima, shati lake jeupe limekunjamana kifuani na mikononi, kola imelala upande mmoja. Tangu mchana ule hakurudi kwa Mama Pasi, na kwa dobi mwingine ilielekea hakwenda. Mwalimu wa zamu alimtazama mkubwa wake, akaitazama sare, akasogea pembeni.

Kitinda akapita, akatembea polepole mpaka darasani, akakaa kwenye kiti chake cha dirishani. Mama Pasi alimwona kwa nje akiegemeza kiwiko. Mwalimu mkuu akamgeukia, kana kwamba anangoja neno. Hakupewa. Ashukuriwe kwa lipi, kwa kumrudishia mtoto kiti alichokuwa amemnyang'anya? Mama Pasi alijifunga khanga vizuri, akamwambia alete yale mashati kesho, kisha akarudi kazini kwake kungoja saa ya mapumziko.